Kabla ya Kutia Tairi Kubwa, Kata Usukani Mpaka Mwisho

Juzi baada ya Alasiri mtoto wa ndugu yangu alinipitia hapa Al Barsha na pikapu yake. Kaiinua mbele ikawa sawa na nyuma, kisha katia tairi kubwa. Tulipokata kona kuingia maegesho ya msikiti, nikasikia kwaruu, kwaruu!

“Si kitu, Ami,” akaniambia. “Inagusa kidogo tu ukikata usukani wote.”

Na Ijumaa ile alikuwa ampeleke mkewe na watoto Maskati, kupitia Hatta.

Mie nimefundisha hesabu sekondari ya misheni miaka mingi, basi nikaomba kalamu. Tairi zake za zamani zilikuwa 265/70 R17. Hiyo 265 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni rimu kwa inchi. Ukijumlisha, tairi ina kimo cha milimita 803 hivi. Alizotia ni 285/70 R17, yaani milimita 831. Zimezidi kimo kwa milimita 28 na upana kwa 20.

Vijana wetu wanadhani ukishainua gari nafasi imepatikana. Sivyo. Kuinua kunaongeza nafasi ya juu, tena gari ikiwa imesimama. Usukani ukikatwa, tairi inazunguka: upande mmoja unaelekea bampa, mwingine unaelekea plastiki na chuma nyuma ya madigadi. Huko hakukuongezeka kitu. Na ukipanda tuta gari imejaa watu, springi zinabonyea na ile nafasi ya juu nayo inapungua. Ukiweka na rimu zinazotokeza nje, tairi inachora duara kubwa zaidi na kugusa zaidi.

Sisemi msitie tairi kubwa. Nasema pimeni kabla ya kulipa. Mwambie fundi afunge tairi mbili za mbele tu. Kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uende mbele na urudi kinyumenyume. Pakia watu, upite tuta polepole. Ikigusa plastiki kidogo, fundi mzuri ataisogeza na kuifunga vizuri. Ikigusa chuma, usikubali kukata ovyo, shuka saizi. 275/70 R17 ina milimita 817, na huenda ikakutosha. Bakisha rimu zilizokuja na gari. Ukishainua, pima alaimenti, la sivyo tairi mpya zitalika upande mmoja. Na kumbuka geji: kama ilikuwa sahihi, sasa ikisoma 120 wewe unakwenda 124.

Uliza pia kituo cha ukaguzi kabla ya kuinua. Hapa Imarati kubadilisha injini au chasi bila kibali ni faini ya dirhamu 1,000, pointi nyeusi 12 na gari kuzuiwa siku 30. Fundi aliyekufungia hatakulipia.

Najua mtaniambia, “Mwalimu, sisi tunakwenda jangwani.” Sawa. Lakini mchangani kinachosaidia zaidi ni kupunguza upepo. Tairi ile ile ya kawaida ukiishusha mpaka psi 15 hivi inajitandaza na haizami ovyo. Ukirudi kwenye lami, ijaze tena. Hilo halina gharama.

Tairi inayokwaruzwa kila kona inalika ubavuni, na ubavu ukipasuka kwenye mwendo wa barabara kuu hakuna fundi wa kukimbilia. Pikapu ni ya kijana, lakini waliokaa kiti cha nyuma ni wetu sote.

Mwanangu alinuna kidogo. Alhamisi usiku akarudisha tairi za zamani. Ijumaa wakanipigia simu kutoka Maskati: wamefika salama, na watoto wamelala njia nzima.