Goma: Pambo la kompyuta lisiwapotezee wakimbizi hati zao

Fundi wa kibanda cha kuchapa mjini Goma anayeokota programu kwenye intaneti ili Windows ionekane kama Mac, huyo anachezea mali ya watu. Windows inakataa mapambo yasiyo na sahihi ya Microsoft. Basi programu hizo zinabadilisha uxtheme.dll, faili la mfumo wenyewe. Sasisho likija, mashine inaweza kukataa kuwaka. Na ndani mna vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliokimbia vita, ambao karatasi zao zilibaki kijijini! Atawaambia nini wazazi? Picha na rangi hubadilishwa kwenye mipangilio, bure, bila hatari. Akitaka zaidi, ajaribie mashine yake ya nyumbani, si ile yenye faili za wateja.