Bamba Jeusi na Mchanga wa Bara

NG'AMBO YA FERI
Safu ya kila wiki ya Bakari Mwachirumu

Mnunuzi wa gari la kifahari Mombasa hukagua mengi kabla ya kutoa pesa. Hufungua boneti, husikiliza injini, huinama kutazama kama kuna mafuta yanayovuja, hupapasa rangi ya bodi mlango baada ya mlango. Akiingia ndani hunusa ngozi ya viti, huwasha skrini na kiyoyozi, akaridhika. Lile bamba jeusi linalong'aa kwenye konsoli, kati ya viti viwili vya mbele penye gia na swichi, hulitupia jicho mara moja tu na kuliona limependeza. Miezi michache baadaye ndilo linalomkera kuliko kitu kingine chochote garini. Kila akishika gia analiona, na kila jua la asubuhi likipenya dirishani humfichulia mikwaruzo ambayo jana haikuwapo.

Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo. Si dogo kwa mtu aliyejinyima miaka kadhaa akalipa mamilioni ya shilingi, kisha sehemu anayoigusa kila siku ikachakaa kabla ya matairi. Na Mombasa bara, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, ni mahali pagumu mno kwa plastiki ya aina hiyo. Sababu zake zinajulikana na nyingi zinaepukika.

Watengenezaji wa magari huuita mtindo huo nyeusi ya piano, kwa kuiga laka ya vinanda vya bei ghali. Kwenye kinanda, ubao hupakwa laka tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa hadi ung'ae. Kwenye magari mengi ni plastiki tu iliyomiminwa katika kalibu laini sana, au plastiki iliyopakwa vanishi nyembamba. Mercedes-Benz, BMW, Audi, Range Rover na Lexus wote wameitumia. Haina gharama kubwa kuitengeneza, inashikana vizuri na skrini iliyozimwa, na kwenye picha za matangazo inavutia kweli.

Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Mjerumani, Friedrich Mohs, alipanga kipimo cha ugumu chenye ngazi 10, talki ikiwa ya 1 na almasi ya 10. Kilicho juu hukikwaruza kilicho chini. Ukucha wa binadamu uko kwenye 2.5 hivi, na plastiki hizi haziko mbali na hapo. Kwati, madini ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, iko kwenye 7. Chembe moja ya kwati ikibanwa kati ya kitambaa na plastiki haina namna ila kuikata plastiki. Bamba la kijivu lisilong'aa nalo hukatwa vivyo hivyo, ila jicho halioni, kwa kuwa uso wake umekwisha kutawanya mwanga kila upande. Uso mweusi laini huurudisha mwanga upande mmoja. Ukipata mfereji mwembamba kuliko unywele, mwanga hutawanyika pale pale na mstari wa kijivu ukajitokeza. Mistari ikizidi, hujipanga kuizunguka taa mithili ya utando wa buibui.

Sasa tuutazame mchanga wetu. Ule mweupe wa ufuoni umechanganyika na vipande vya matumbawe na makombe, ambavyo ni chokaa, ugumu wake kati ya 3 na 4. Huo peke yake ungevumilika. Lakini nyuma ya ukanda wa matumbawe kuna mchanga mwekundu ambao wanajiolojia huuita mchanga wa Magarini, na huo umejaa kwati. Kule Kwale ulibeba madini mazito kiasi cha kufunguliwa mgodi. Kampuni ya Base Titanium ilichimba ilmenaiti, rutaili na zirkoni kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024, na shehena zikapakiwa melini Likoni. Ugumu wa zirkoni ni 7.5. Anayeteremka njia za vumbi za Kwale kuja kupanda feri huja na chembe za jamii hiyo kwenye mazulia ya gari, kwenye soli za viatu na kwenye mikunjo ya nguo, bila kujua.

Changamwe nako kuna malori ya makontena, yadi za mizigo, na kazi za upanuzi wa barabara ya Mombasa hadi Mariakani ambazo zimewalisha wakazi vumbi kwa miaka. Kisauni kuna ujenzi usiokwisha, wenye saruji, kokoto na matofali ya matumbawe.

Vumbi likitua peke yake halikwaruzi. Mkono ndio unaolisukuma.

Foleni ya magari upande wa Likoni saa moja asubuhi inatosha kuwa ushahidi. Vioo vimeshushwa kwa sababu ya joto, feri bado iko ng'ambo, na dereva hana la kufanya. Huchomoa tambara chini ya kiti, lile lile alilofutia kioo cha mbele jana, akaanza kulizungusha juu ya konsoli. Haongezi hata tone la maji. Kwa nia njema kabisa anaona anatunza gari, kumbe kila mzunguko wa mkono unaacha mduara wake. Tena plastiki ikisuguliwa kwa kitambaa kikavu hupata umeme tuli unaovuta vumbi jingine, kwa hiyo kabla hajafika upande wa pili bamba limepauka tena na tambara limerudi kazini.

Penye kuoshea magari hali ni hiyo hiyo. Kitambaa kimoja huanzia kwenye kizingiti cha mlango, kikapita kwenye pedali, kikaishia juu ya bamba jeusi, kisha likapulizwa dawa ya silikoni yenye harufu ya limau ili ling'ae. Kuwalaumu vijana wanaoosha si haki. Wanalipwa kwa idadi ya magari, wana haraka, na vitambaa walivyonavyo ni fulana kuukuu. Mwenye gari ndiye anayepaswa kuja na vitambaa vyake vya maikrofaiba, kimoja kikiwa cha konsoli peke yake, na kuwaambia waziwazi kwamba sehemu hiyo atajifutia mwenyewe.

Lakini kinga kubwa iko kwenye kuchagua. Kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Yaani gari linaloshushwa Kilindini leo linaweza kuwa limekwisha kupanguswa miaka 7 Japani au Uingereza kabla halijaonja vumbi la Changamwe. Kwa yale yanayotoka kwenye minada ya Japani, karatasi ya mnada hubeba alama mbili. Kuna namba ya hali ya jumla, mfano 4 au 4.5, na kuna herufi ya hali ya ndani, A, B, C au D. Wanunuzi wengi hushikilia namba na kuisahau herufi. Wakala anayesitasita kuionyesha karatasi hiyo nzima hafai kupewa amana.

Gari likiwa tayari liko yadini, bamba lisikaguliwe likiwa na silikoni, maana mafuta hayo hujaa ndani ya mikwaruzo na kuificha kwa siku kadhaa. Kitambaa chenye maji na tone la sabuni huyaondoa. Kisha tochi ya simu imulikwe kutoka ubavuni, si kutoka juu, na uso utasema ukweli wake.

Mercedes-Benz C-Class ya kizazi cha W205, iliyoingia sokoni 2014, inaonyesha uzito wa uamuzi huu. Konsoli yake ni bamba moja pana linaloteremka kutoka matundu ya hewa hadi penye kuegemeza mkono. Likiwa jeusi la kung'aa, hakuna pa kuficha mkwaruzo hata mmoja. Modeli hiyo hiyo iliuzwa pia na mapambo ya mbao yenye vinyweleo wazi, yasiyong'aa, ambayo huvumilia kitambaa cha haraka bila kulalamika. Toyota Harrier ya 2013 hadi 2020, ambayo wengi hapa huihesabu miongoni mwa magari ya kifahari, swichi zake za kiyoyozi ni za kugusa juu ya uso mweusi unaong'aa. Hapo kidole chenyewe, kikiwa na jasho na punje ya mchanga, ndicho kinachosugua. Anayeweza kuchagua achukue mbao isiyo na vanishi nzito, alumini yenye mistari ya brashi, au plastiki iliyofifia. Hili safu hii inalisema bila kusita: kwa mkazi wa bara yetu, bamba jeusi la kung'aa ni chaguo baya, hata likija na gari zuri.

Weusi unaodumu upo, na hauko mbali. Kwenye barabara ya Port Reitz, Changamwe, ushirika wa wachongaji wa Akamba Handicraft umekuwapo tangu 1963. Chimbuko la sanaa hiyo hutajwa kuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja wa miti inayochongwa ni mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini, ambao Ulaya hutengenezewa klarineti. Fundi humaliza kinyago cha mpingo kwa msasa, akianza na wenye chembe kubwa na kuteremka hadi laini kabisa, kisha hupaka nta na kusugua kwa kitambaa. Kikikwaruzwa dukani, msasa laini na nta vinatosha kukirudisha, kwa sababu weusi wa kiini cha mpingo si rangi ya kupakwa. Plastiki yenye vanishi haina kina hicho, na ukisugua mara mbili tatu umeifikia plastiki yenyewe. Ingefaa siku moja mafundi wa Changamwe wachonge virungu vya gia na vifuniko vya konsoli kwa wenye magari ambayo plastiki yake imekwisha. Iwe konsoli tu, wala si dashibodi yenye mifuko ya hewa, kwani ubao mgumu mbele ya mfuko unaofumuka ni hatari.

Jua nalo lina sehemu yake. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State uliochapishwa 2018, dashibodi za magari yaliyoachwa juani kwa saa moja zilifika wastani wa nyuzi 69 za selsiasi. Joto la namna hiyo likikutana na unyevu wa Pwani huharibu pia ile rangi laini ya mpira inayopakwa kwenye swichi za magari mengi ya Ulaya. Poliurethani yake huvunjwavunjwa na unyevu taratibu, ikaanza kunata vidoleni. Ferrari za miaka ya 2000 zinajulikana duniani kote kwa swichi za kunata, na kuna gari la hadhi ya chini zaidi la Kijerumani ambalo mwenyewe hufuta swichi zake kila wiki akidhani ni soda iliyomwagika. Kinga ya mkeka wa kioo cha mbele na kivuli cha mwembe ni rahisi kuliko kubadilisha swichi.

Kuhusu usafi wenyewe, brashi laini ya kujipodolea hutangulia kuondoa chembe bila kukandamiza. Ndipo kije kitambaa cha maikrofaiba kilicholowa, kikipita kwa mwendo mmoja ulionyooka, na upande mpya wa kitambaa kila mara. Maji yawe safi. Visima vingi vya Kisauni vina maji ya chumvi, na tone la maji hayo likikaukia kwenye uso mweusi huacha fuwele ambazo kitambaa kijacho kitazikokota, hivyo afadhali maji ya mvua au ya chupa. Dawa ya vioo yenye amonia isikaribie, kwani inaweza kuzipasua plastiki za aina hii nyufa ndogondogo. Funguo zisitupwe kwenye konsoli, wala simu. Na abaya lenye vito mikononi likiegemezwa pale kutoka Mtwapa hadi Kisauni hukwaruza zaidi ya wiki nzima ya vumbi. Taulo ndogo juu ya konsoli humaliza tatizo bila kumkosea abiria heshima.

Aliyekwisha kununua na bamba lake bado zima afikirie filamu angavu ya poliurethani. Asili yake ni vita vya Vietnam, ambako 3M iliitengeneza kukinga mapanga ya helikopta za Marekani dhidi ya mchanga na vifusi. Leo fundi wa stika huikata kwa umbo la konsoli na kuibandika, na zilizo bora hujiponya mikwaruzo midogo zikipata joto, kitu ambacho Mombasa hatuna upungufu wake. Sharti ni kwamba uso usafishwe kabisa kwanza na kazi ifanyiwe ndani, vioo vikiwa vimefungwa. Punje moja ikinaswa chini ya filamu itabaki hapo kama kijipele mpaka ibanduliwe.

Lililokwisha kukwaruzika lina njia mbili. Mikwaruzo ambayo ukucha hauishiki hutolewa kwa dawa laini ya kung'arishia plastiki na sifongo, kwa mkono, bila mashine, fundi akianza pembeni chini ya kiti ambako haionekani ili ajue kama kuna vanishi na kama inavumilia. Ile ambayo ukucha unaishika haitoki. Hiyo hufunikwa kwa stika ya vinaili isiyong'aa, ya kijivu au ya mistari ya alumini, kazi ya saa chache kwa fundi mzuri, na stika hiyo inaweza kubanduliwa kwa joto la kikausha nywele siku gari litakapouzwa.