ORODHA HUANDIKWA NA NANI?

Ndugu Wafanyakazi,

Kila baada ya uchaguzi twasikia majina mapya ya waheshimiwa katika Bunge la Kaunti ya Machakos, na sisi tuliosimama mlolongoni tangu alfajiri twaulizana: huyu tulimpigia kura lini? Hatukumpigia. Ametoka katika orodha ya chama. Leo twataka kusema habari ya orodha hiyo waziwazi, maana wengi wetu hatuijui, na asiyejua hupitwa.

Sheria ni hivi. Machakos ina wodi 40, na kila wodi huchagua mjumbe mmoja. Katiba ya 2010, kifungu cha 177, yaongeza viti vya aina mbili: vya kuzuia wanaume au wanawake wasipite theluthi mbili ya bunge, na vya watu wenye ulemavu, vijana na makundi yaliyoachwa nyuma. Tuseme wanaume wameshinda wodi 36 na wanawake 4. Ili wanaume 36 wasipite theluthi mbili, wanawake hawana budi kufika 18. Basi wanawake 14 wataongezwa, kabla hata ya kuhesabu viti vile vingine.

Viti hivyo hugawiwa vyama kwa hesabu ya wodi vilizoshinda, si kwa hesabu ya kura. Chama kilichoshinda nusu ya wodi za vyama chapata kama nusu ya viti. Chama kilichopata kura nyingi kila mahali bila kushinda wodi hata moja hakipati kitu. Kisha Tume ya Uchaguzi hushika orodha ambayo chama kilipeleka kabla ya uchaguzi, ikachukua majina kwa mpangilio ulioandikwa, mwanamke na mwanamume kwa zamu, na kwa viti vile vya wanawake ikachukua wanawake. Tume yahesabu tu. Aliyeshika kalamu ndiye aliyegawa viti.

Na kalamu imeshikwa na nani? Mwaka 2022 mwenzetu mmoja, mama wa kazi ya usafi, mwenye kadi ya chama chake kwa miaka mingi, alikwenda ofisini kwao kuomba jina lake liandikwe. Akaambiwa orodha imejaa. Akauliza, imejaa kina nani? Akaambiwa hilo si lake. Je, ndugu, kama si lake mwenye kadi, ni la nani?

Wako wenzetu wasemao viti hivi vifutwe, kwa kuwa vyala mishahara bure. Sisi twakataa. Vikifutwa, katika mfano wetu watabaki wanawake 4 kati ya 40, na mtu mwenye ulemavu hana kitu. Paa likivuja hatubomoi nyumba. Kiti ni kizuri. Kilichooza ni namna ya kuandika orodha.

Wazee wa hapa walijua baraza lisilo la watu ni kitu gani. Zamani za wakoloni, Mkuu wa Wilaya ndiye aliyekalia kiti cha Baraza la Wenyeji, na machifu wake wamo ndani. Ng'ombe wa Wakamba walipochukuliwa mwaka 1938, watu hawakuliona baraza hilo kuwa lao. Walifuatana na Muindi Mbingu mpaka Nairobi kumtafuta Gavana mwenyewe. Mbingu akapelekwa kifungoni Lamu. Baadaye, mpaka madiwani walipokwisha mwaka 2013, Waziri wa Serikali za Mitaa alikuwa na uwezo wa kuteua madiwani. Mteuaji amebadilika, lakini mteuliwa bado humtazama aliyemteua.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Kifungu cha 97 cha Katiba hiyo hiyo chataja viti 12 vya Bunge la Taifa kwa vijana, watu wenye ulemavu, na WAFANYAKAZI. Tumetajwa kwa jina. Lakini kifungu cha 177, cha kaunti, hakitutaji. Na ni kaunti inayoweka ushuru wa soko wanakouza wake zetu, inayosimamia zahanati na shule za chekechea za watoto wetu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa hiyo twadai mambo matatu:

1. Kila chama kisome orodha yake ya Machakos mbele ya watu, katika wodi, kabla haijapelekwa kwa Tume. Ikishapelekwa na uchaguzi ukapita, haibadilishwi miaka yote mitano. Hata mjumbe akifa, huchukuliwa anayefuata wa jinsia yake katika orodha ile ile.

2. Sheria iwataje wafanyakazi katika mabunge ya kaunti kama ilivyowataja Nairobi.

3. Mjumbe wa orodha aje kutoa hesabu mbele ya watu kama mjumbe wa wodi.

Na sisi tusikae kulia tu. Orodha hukubali wanachama wa chama peke yao. Basi mwenye kadi aende mkutanoni, asingoje kuitwa. Na mgombea akija kwetu kabla ya Agosti 2027 na fulana na kofia, tusimwulize amebeba nini. Tumwulize: katika orodha ya chama chako, jina la kwanza ni la nani, na aliliandika nani?

Akishindwa kujibu, kura ni yetu.

UMOJA NI NGUVU.