Mifumo isomane, lakini utafiti uanzie ghalani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo siku hizi halikosi kutajwa mikutanoni, kwamba mifumo ya kompyuta ya Serikali, mabenki, vyama vya ushirika na makampuni ni lazima isomane. Naliunga mkono kwa mikono miwili. Shaka yangu ni juu ya ndugu zetu wataalamu wanaopanga yapi yafanyiwe utafiti kwanza. Kila ninaposikia orodha zao naona zinaanza na mitambo mipya. Mimi ningependa zianze ghalani.

Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho wilayani Newala. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye zao hili msimu wa 2007/2008, kazi yangu ilikuwa ya kalamu, karatasi nakshi na mhuri. Leo korosho za mkulima mmoja hupita kwenye vitabu vingi ambavyo havikai chumba kimoja. Mkulima yumo katika daftari la wakulima la Bodi ya Korosho, chama kinampimia na kumwandikia, ghala lina hesabu zake, chama kikuu kina zake, na tangu msimu wa 2024/2025 mnada unafanyika kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mwisho kabisa ipo benki ambayo inapaswa kuingiza fedha katika akaunti ya mkulima. Kila kimoja kati ya vitabu hivi kinafanya kazi vizuri kikiwa peke yake. Taabu iko katikati ya kimoja na kingine.

Msimu mmoja mama mmoja mtu mzima alileta kilo 640, daraja la kwanza, zikauzwa, majirani zake wakalipwa, yeye hakulipwa. Alikuja ofisini mara tatu. Kwenye kitambulisho chake aliandikwa Fatuma, kwenye akaunti ni Fatma. Benki, ambayo sitaitaja, ilirudisha fedha, na taarifa ya kurudishwa haikutufikia sisi tulioandika majina, iliishia njiani kwenye mfumo ambao hakuna aliyekuwa na kazi ya kuutazama. Ilikuwa Januari na mjukuu wake anatakiwa kuripoti kidato cha kwanza. Akaniuliza, "Mwanangu, korosho zangu zilikuwa na makosa gani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Fedha zilipatikana mwishowe, lakini mtoto alishachelewa kuripoti.

Ndugu Mhariri, wako watakaosema hilo ni kosa la karani, aadhibiwe. Hapana. Fatuma na Fatma ni jina moja, kama ambavyo Hassan na Hasani ni jina moja, na watu wetu wameandikwa hivyo tangu kliniki, shule, hadi kadi ya mpiga kura. Na huku kwetu unaweza kukuta katika kijiji kimoja watu watatu ambao majina yao yote matatu yanafanana. Hivyo kompyuta ina kazi mbili zinazopingana: itambue kwamba majina mawili tofauti ni mtu mmoja, na itambue kwamba jina moja ni watu watatu. Hilo ni swali la utafiti hasa, tena linahitaji mtu wa kompyuta akae na mtu wa Kiswahili. Programu iliyotengenezwa kupima majina ya Kizungu haitatusaidia sana.

Na si majina tu. Chukua neno "uzito". Chama kinaweza kuandika uzito pamoja na gunia, ghala likaandika korosho tupu, tena baada ya wiki kadhaa ambapo korosho zimekauka na kupungua. Au "tarehe ya mauzo". Kwa mkulima ni siku aliyoleta mzigo, kwa mnada ni siku bei ilipokubaliwa, kwa benki ni siku mnunuzi alipolipa. Unganisha mifumo mitatu ya namna hiyo kwa waya ulio bora kuliko zote duniani, na bado utapata ugomvi, isipokuwa sasa ugomvi huo utafika upesi zaidi.

Nasema hivi kwa sababu kuunganisha kwenyewe kumeshafanyiwa kazi kubwa. Hesabu yake ni rahisi. Mifumo 6 ikiunganishwa kila mmoja na mwenzake inahitaji viungo 15. Ikiwa 20, viungo 190. Hakuna fundi wa kuvitunza vyote. Ndiyo maana Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopo kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, ilitengeneza njia kuu moja ambayo taasisi zinaingia na kubadilishana taarifa. Nawapongeza. Lakini njia hiyo ni kama posta. Posta hufikisha barua. Kama mpokeaji na mwandishi hawakubaliani maana ya maneno, posta haina lawama.

Wenzetu wa Ulaya waliliona hili zamani. Mwaka 2006 Tume ya Ulaya ilitoa dira ya utafiti juu ya mashirika ya biashara na mifumo yao kuelewana, ikataja changamoto kuu nne. Mbili zilinigusa. Ya kwanza ilitaka kuelewana kwa mifumo kuwe huduma ya msingi, kama umeme au maji, ili hata kampuni ndogo ijiunge bila kujijengea mtambo wake. Ya pili ilitaka jambo hili lipewe msingi wa kisayansi, badala ya kila fundi kushona kiraka chake kwa namna anavyojua. Sisemi tunakili orodha ya Ulaya. Chama changu kina kompyuta moja, na umeme ukikatika nafungua daftari. Lakini wao walikaa wakaandika mpango, nasi tuna Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ambayo kuishauri Serikali juu ya vipaumbele vya utafiti ni sehemu ya kazi yake.

Msomaji anayedhani haya ni mambo ya kompyuta tu na aende Kidatu. Reli ya kati waliyoijenga Wajerumani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067, kwa sababu ilipaswa kuungana na reli za Zambia na nchi za kusini. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja changu. Kwa ajili ya hicho kiganja, mwaka 1998 palikuwa pamejengwa kituo pale Kidatu cha kuhamisha mizigo kutoka behewa la reli moja kwenda la reli nyingine. Sasa tuna reli ya tatu, ya milimita 1,435, ambayo ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Sizilaumu reli hizo, kila moja ilikuwa na sababu yake. Nataka tu wanaojenga mifumo waulize upana kabla ya kutandika mataruma.

Tunao pia mfano wetu mzuri. Fedha za simu zilianza nchini 2008, na kwa miaka kadhaa kila mtandao ulikuwa kisiwa. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine alilazimika kutoa fedha taslimu kwa wakala kwa namba ya siri. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikaunganisha huduma zao, na Vodacom ikaingia 2016. Mitambo ya kufanya hivyo ilikuwapo. Jambo gumu lilikuwa makubaliano: nani alipe gharama gani, hesabu zifungwe lini, na fedha ikipotea katikati nani ajibu. Mbona hilo la mwisho halimo katika mifumo mingi tunayoletewa huku vijijini?

Liko na suala la mtandao kukatika. Ninapotuma orodha ya malipo na mtandao ukazimika kabla sijajibiwa, siwezi kujua kama orodha haikufika, au ilifika na jibu ndilo lililopotea. Nikituma tena, huenda watu wakalipwa mara mbili. Nisipotuma, huenda wasilipwe kabisa. Dawa yake inajulikana: kila agizo libebe namba yake pekee, ili likifika mara ya pili mpokeaji alitambue na aliache. Lakini ni lazima pande zote zikubali namba hiyo na kuitunza, kuanzia chama hadi benki. Mifumo mingi hupimwa mjini, penye mtandao mzuri. Ningetaka ipimwe Newala saa kumi jioni, mvua ikinyesha.

Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mwananchi haki ya kurekebishiwa taarifa zake zenye makosa. Haki nzuri. Lakini yule mama akirekebishiwa jina benki, marekebisho hayo yanasafiri vipi hadi chama kikuu, ghala na daftari la Bodi? Au aende yeye mwenyewe ofisi tano, kwa nauli yake, na kiapo cha mwanasheria mkononi? Sijasikia mtafiti akiliuliza hilo, nami naliona kubwa kuliko habari zote za akili mnemba tunazosomewa.

Kwa hiyo napendekeza kwa wahusika kwamba orodha ya utafiti isipitishwe mpaka makarani wa vyama, watunza ghala, mawakala na makarani wa benki za wilayani wawe wameulizwa, wakiwa kazini kwao na si hotelini. Fedha ya kwanza iende kwenye majina, maana ya maneno, mtandao unapokatika, na safari ya masahihisho. Mitambo mipya ifuate.

Mnada wetu huanza Oktoba. Mtafiti yeyote atakayependa kuja, namkaribisha akae nami mezani wiki moja wakati wa malipo. Benchi lipo, na wenye maswali huanza kufika saa moja asubuhi.

Mhasibu wa Chama cha Msingi,
Newala, Mtwara.