Mashini ya Majani na Vidole Vyako

Mvua za mwezi wa 11 zikianza hapa Lubumbashi, majani ya lupango yanapanda mbio, na kila mmoja anakumbuka mashini iliyolala ndani ya depo tangu mwezi wa 4. Hata mimi. Mwaka mmoja niliiacha na esansi ya zamani. Nilivuta kamba mpaka bega likauma, haikuwaka. Basi nikailaza, nikaingiza mkono chini kutoa majani yaliyokauka. Mama wa watoto akauliza: "Baba, waya ya buji umetosha?" Sikuwa nimeitoa. Na kumbe kisu kikizungushwa kwa mkono, motere inaweza kuwaka! Leo ningali na vidole kumi.

Shika basi haya. Toa kwanza waya ya buji, ndipo uguse kisu. Ukiilaza mashini, upande wa filtri ya hewa ukae juu, mafuta yasiingie humo. Pima mafuta ya motere mbele ya kuwasha. Usikate majani yenye maji, yanashikamana chini. Mvua zikiisha, maliza esansi yote. Ikikaa miezi inaacha utomvu unaoziba karbirateri.

Huko Ulaya kuna mashini zinazojiendesha zenyewe. Husqvarna ilitoa moja ya nguvu ya jua mwaka 1995. Hata hiyo inangoja mtu aisafishe na kubadilisha visu. Vijana wetu, mashini haijui kujitunza, wala haijui kidole cha mtu. Mbele ya kuingiza mkono, jiulize swali la yule mama.