Wakongomani wanadai vinyago, lakini filamu zao wanazisahau

Bukavu, Kivu Kusini – Mwezi wa sita mwaka wa 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa na kinyago cha Kakuungu, cha kabila la Wasuku. Hakukirudisha. Alikiazimisha tu, bila kuweka tarehe ya mwisho. Waliokasirika walikuwa na haki: mali ya Congo inapaswa kurudi Congo.

Lakini kuna mali nyingine ambayo karibu hakuna mtu anayeidai: filamu. Na kwa hiyo, mzungu hawezi kulaumiwa peke yake.

Mwezé Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka wa 1950. Mwaka wa 1987, yeye pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy walitoa La Vie est belle. Ndani yake Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayeenda Kinshasa kutafuta bahati, anafanya kazi ya boyi, na anampenda msichana yuleyule ambaye tajiri wake anataka kumuoa. Mwaka wa 1999, filamu yake ingine, Pièces d'identités, ilipata zawadi kubwa ya FESPACO huko Ouagadougou. Inaeleza habari ya mfalme mzee, Mani Kongo, anayekwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake, na huko wafanyabiashara wa vitu vya kale wanatamani mapambo yake ya kifalme. Kumbe mtoto wa Bukavu alishasema habari ya vinyago zaidi ya miaka 20 mbele ya safari ya mfalme Philippe. Nani alimsikiliza?

Filamu inayogusa Kivu zaidi ndiyo inayojulikana kidogo zaidi. Inaitwa Le Roi, la vache et le bananier, maana yake mfalme, ng'ombe na mgomba. Ilitoka mwaka wa 1994, na inaonyesha Ngweshe, usultani wa Bashi katika wilaya ya Walungu. Mwaka huohuo wakimbizi toka Rwanda walijaa Kivu. Mwaka wa 1996 vita ikaanza. Ng'ombe wengi waliporwa, na nyuma yake ugonjwa wa mnyauko ukashambulia migomba. Mtoto aliyezaliwa Walungu baada ya hapo anaona jimbo lake kwenye televisheni siku za risasi na wakimbizi tu. Picha za maisha ya mbele ya vita ziko, lakini yeye hazioni.

Wengine watasema filamu hizo ni za zamani, zinaenda polepole, tena ni za Kifaransa. Jibu ni rahisi. Kila siku vijana wanaangalia filamu za mbali zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na mtafsiri anawachekesha mpaka mwisho. Anayeweza kutafsiri filamu ya Wachina hashindwi kumtafsiri Papa Wemba. Na kuhusu uzamani, mbona nyimbo za Franco hazijachosha mtu?

Kuna pia wanaosema inchi yenye njaa na vita haina wakati wa sinema. Lakini mtu aliyepoteza nyumba, ng'ombe na shamba ndiye anayehitaji zaidi picha ya vile alivyokuwa navyo.

Kazi ya kufanya si ya ajabu. Wizara ya utamaduni iombe ruhusa na nakala kwa wenye haki za filamu hizi. Televisheni za jimbo zitenge saa moja tu kwa juma. Masomo ya sekondari yaonyeshe Pièces d'identités kwa wanafunzi wa historia. Na filamu ya Ngweshe ipelekwe Ngweshe kwanza, usiku, kwenye kiwanja cha wazi, wazee wakae mbele.

Tena ifanyike haraka. Wazee wanaoweza kunyoosha kidole na kusema "yule ni fulani, na ile ilikuwa boma ya nani" wanapungua kila mwaka. Nakala ya filamu inaweza kungoja Ulaya miaka mingine 30. Wao hawatangoja.