Tobruk Haikulishwa na Majemadari

Wapo wasomi wetu wawezao kutaja mmoja mmoja majemadari waliopigania Tobruk, bandari ya Libya iliyozingirwa na majeshi ya Ujerumani na Italia tangu Aprili 1941, ikakombolewa mwishoni mwa mwaka ule, kisha ikaangukia mikononi mwa Rommel tarehe 21 Juni, 1942. Lakini wakiulizwa ni nani waliopakua shehena na kuchimba mahandaki katika vita vile vya jangwani, hunyamaza.

Hiyo ni kasumba. Jeshi la jangwani huishi kwa maji, petroli na risasi, na vyote hivyo huwa na mbebaji. Waingereza waliwapeleka Afrika ya Kaskazini Waafrika wa Mashariki katika vikosi vya kazi. Tanganyika peke yake iliandikisha jeshini watu wapatao 87,000 katika vita ile. Na humo Tobruk, Job Maseko wa Afrika ya Kusini, mateka ambaye serikali ya makaburu haikutaka ashike bunduki, alizamisha meli ya adui kwa bomu alilolitengeneza ndani ya kopo la maziwa. Ni shule ngapi zinamfundisha?

Msafiri ashukaye basi Mkata, katika Wilaya ya Handeni, haoni alama yoyote ya vita hiyo. Hata hivyo jangwa lile lilifika hapa. Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, Waingereza na wenzao walipoteza nyuzi za kusokotea kamba za meli, wakaugeukia mkonge wa Tanganyika. Ndipo sheria ya kazi ya lazima ilipotumika kuwakusanya wananchi kuyatumikia mashamba ya mkonge, mali ya watu binafsi (eti kupigania uhuru wa dunia!). Korogwe ni nchi ya mkonge. Haihitaji kuelezwa jambo hili na vitabu vya London.

Watasema haikuwa vita yetu. Kweli, haikuwa yetu, na kwa sababu hiyo hiyo jasho lililotolewa halikuwa la hiari, wala haki ya kulihesabu si ya aliyelichukua.

Waliochukuliwa karibu wote wamekwisha fariki. Watoto wao wangali hai Mkata, Korogwe na Handeni, nao ni wazee. Mwalimu wa historia awapeleke wanafunzi kwao muhula huu, na daftari mkononi. Na mtumishi mwenye majalada ya kale ofisini asiyachome moto ili kupata nafasi kabatini.